Nani Alimla Mtoto Huyu?



Mimi ninayeandika maneno haya ndiye ninayeshika buku la kanisa letu hapa Dilolo. Nabii anaposema, mimi naandika: tarehe, jina la mgonjwa, maono yaliyoonekana, na yale ambayo mgonjwa ameagizwa kufanya. Ni kazi ya miaka mingi na siionei haya. Lakini katika buku hilo uko ukurasa mmoja ambao kila nikiufikia mkono wangu unakuwa mzito, na kwa sababu ya ukurasa huo nimewaomba wazee wa kanisa waniachie nafasi ya kusema nanyi.

Kijana mmoja wa kwetu alikwenda Kolwezi kutafuta maisha, kama wanavyokwenda vijana wengi wa huku. Alikaa miaka minne akichimba na kuosha mawe ya kobalti, akibeba mifuko mgongoni, akilala katika nyumba ambamo mifuko ilipangwa kando ya kitanda kwa kuogopa wezi. Mke wake alimfuata. Walirudi kwa treni, mke akiwa na mimba ya miezi minane, kwa sababu alitaka kuzaa karibu na mama yake mzazi. Mtoto alizaliwa uso wake haukutimia. Aliishi siku mbili.

Usiku wa tatu wa matanga tulikesha tukiomba, na mmoja wetu akaona katika roho mama mzee aliyebeba kikapu. Hakutaja jina, na hakuna aliyehitaji jina. Wote tulimfikiria nkambo wa yule kijana, mjane anayekaa peke yake, mwenye ulimi mkali, ambaye siku chache tu mbele alikuwa amelalamika kisimani kwamba mjukuu wake amerudi toka Kolwezi bila kumletea hata sabuni. Niliandika katika buku: Imefunuliwa. Namshukuru Mungu kwamba hakupigwa. Lakini sufuria zake zilitolewa nje, watoto walikatazwa kumsalimu, na kabla ya mwezi kwisha alivuka mpaka akaenda Luau kwa mtoto wa dada yake.

Katika usiku ule mzima hakuna mtu aliyemuuliza baba wa mtoto mikono yake ilikuwa imeshika nini kwa miaka minne. Wala mimi.

Wazee wetu Wachokwe walikuwa na tahi, na tahi alikuwa na ngombo, kile kikapu cha vitu vidogo alichokitikisa mpaka kimwonyeshe chanzo cha ugonjwa. Tulipobatizwa tuliitupa ngombo. Naogopa kwamba swali la ngombo tulilibakisha. Kifo kikiingia nyumbani tunauliza "nani?" Nani amemla mtoto, nani ana wivu, nani alisema neno baya. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi nao walimuuliza Bwana vivyo hivyo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Bwana hakuwapa jina la mtu. Someni tena sura hiyo nyumbani, muone jinsi watu wote mle ndani wanavyotafuta wa kulaumiwa, na jinsi kipofu mwenyewe anavyosukumwa nje mwishoni.

Wako watu wengine waliouliza kwa njia nyingine. Wao walianza na "nini?" na "kiasi gani?" Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, kati yao munganga Benoit Nemery, walipita Katanga wakiwaomba watu mkojo wao. Ndiyo, mkojo. Wengine wetu tutacheka, lakini yaliyoingia mwilini ndiko yanakopita yakitoka. Walipima watu 351, wakubwa na watoto. Watu 179 walikuwa wanakaa chini ya kilometa 3 toka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini, 132 walikuwa kati ya kilometa 3 na 10, na 40 walikuwa watu wa vijijini mbali na migodi yote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kobalti iliyokuwa katika mkojo wa watu wetu ilikuwa nyingi kuliko ilivyowahi kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida. Kuna mpaka uliowekwa kwa wafanya kazi wa viwandani, kwamba kobalti ikizidi hapo mfanya kazi aangaliwe. Kati ya wale wa karibu kabisa, zaidi ya nusu walikuwa wameuvuka mpaka huo, na kati ya watoto walikuwa 87 kwa kila 100.

Nawaomba mkae kidogo na hesabu hiyo ya mwisho. Mpaka ule uliwekwa kwa ajili ya mtu mzima, anayelipwa, anayerudi nyumbani jioni. Mtoto hana mshahara. Tena nyumbani ndipo penyewe.

Mwaka 2014 wenzao walifuata njia ya kobalti hiyo mpaka mdomoni. Kwa wakubwa waliikuta zaidi katika mboga zinazolimwa kwenye udongo uliochafuka, maana yake ni lengalenga ile tunayolia bukari, na kwa watoto katika vumbi wanalolila wakicheza. Mwaka huo huo wa 2014, katika kartie ya Kasulo pale Kolwezi, mtu mmoja alichimba chini ya nyumba yake akakuta mawe ya kobalti, na kwa muda mfupi kartie nzima ikageuka mgodi, watu wakichimba mashimo ndani ya vyumba vyao. Wapimaji walikwenda huko pia, wakalinganisha watu wa Kasulo na watu wa kartie ya jirani. Walitangaza mwaka 2018 kwamba kobalti ya Kasulo ilikuwa nyingi sana katika mkojo na katika damu, na hasa kwa watoto. Na kwamba kwa watoto hao kulionekana dalili za kuumia katika ADN, ile mbegu ya uhai iliyo ndani kabisa ya mwili.

Na utafiti wa nne ndio ulioninyima usingizi. Lubumbashi, kati ya Machi 2013 na Februari 2015, waganga waliandika watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa wazima. Walitangaza mwaka 2020. Hatari ya kasoro ilikuwa kubwa mara tano na nusu hivi kama mzazi alikuwa anafanya kazi ya migodi. Mzazi huyo ni baba. Tena manganizi ilikuwa imezidi katika damu ya kitovu ya watoto wenye kasoro. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini.

Sasa nifike kwenye fumbo lenyewe. Mtu akiniuliza, "Je, ni kobalti iliyomuua mtoto wa kijana wetu?" lazima nijibu kwamba hakuna ajuaye. Hakuna aliyempima mtoto huyo. Na hata angepimwa, wapimaji wenyewe wanasema wazi kwamba wanaongea juu ya watoto wengi pamoja. Kasoro kama hizi huonekana pia mahali pasipo na mgodi wowote, na miongoni mwa watoto 138 hakuna aliyeweza kuelekezewa kidole ikasemwa, huyu ni kwa vumbi, yule ni kwa sababu nyingine. Elimu inasema kwa sauti kubwa juu ya wengi, na ikifika kwa mmoja inanong'ona. Mama aliyempoteza mtoto hakupoteza "wengi". Alipoteza mmoja, na jina alikuwa amekwisha kumchagulia.

Katika nafasi hiyo iliyo wazi kati ya wengi na mmoja, watu wawili huingia haraka. Wa kwanza ni anayetafuta mlozi. Yeye anasema: waganga hawawezi kueleza kwa nini mtoto huyu na siyo wa jirani, basi mimi nitaeleza. Wa pili ni anayesema kwa niaba ya kampuni. Yeye anasema: hamuwezi kuhakikisha kwamba vumbi langu ndilo lililomgusa mtoto huyu, basi mimi sidaiwi kitu. Mmoja wao anashika bibilia na mwingine anashika mkataba, na hawajawahi kukutana. Lakini angalieni mizani yao. Nkambo alihukumiwa pasipo ushahidi hata mmoja, kwa kikapu cha katika ndoto na neno la sabuni. Penye moshi na maji machafu wamepimwa mamia ya watu, na bado tunaambiwa ushahidi hautoshi. Mashaka yamekuwa kitu cha kugawanywa: mwenye nguvu anapewa faida yake, na mjane anapewa hasara yake. Hili nasema ni dhambi, na sisi tulioandika Imefunuliwa tumo ndani yake, kwa maana kila mlozi tunayemfukuza ni mtu mmoja zaidi aliyelipa deni ambalo huenda ni la mwingine.

Yaliyotupata sisi yaliwapata wengine. Huko Japani, katika mji wa Minamata, watu na paka walianza kutetemeka na kuanguka, na mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi. Jirani waliwaogopa wagonjwa wakidhani inaambukiza, familia zikatengwa. Mwaka 1959 munganga Hosokawa, wa hospitali ya kiwanda chenyewe, alimlisha paka maji yaliyotoka kiwandani, na paka akaugua vilevile. Kiwanda kilinyamazisha habari hiyo. Serikali ilikubali chanzo mwaka 1968. Hesabuni miaka hiyo ambayo familia zilibaki zimetengwa, na paka alikwisha kusema.

Na Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kuukuu. Mama mmoja mfanya kazi, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua na waganga hawakuona sababu, mpaka damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Yeye hakuondoka na jibu lake peke yake. Alirudi kijijini wapimwe na wengine. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 mahakama ya rufani ikaivunja hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu kabisa ikairudisha. Ni njia ndefu ya kuchosha, lakini ilianza na tone la damu ya mtoto mmoja.

Nilipowasomea wazee utafiti ule wa Lubumbashi, shemasi mmoja, mtu mwema, alinyamaza halafu akasema: "Basi ni yule kijana. Ndiye aliyemla mtoto wake, kwa tamaa ya franga." Ndugu zangu, niliogopa. Niliona kwamba tulikuwa tumebadili jina tu, na ngombo ingali inatikiswa. Kijana yule alikwenda kubeba mawe kwa sababu hapa hakuna kazi, na hakuna aliyemwambia kwamba vumbi linaweza kurudi naye nyumbani katika nguo zake. Wenye kujua walikuwa wengine. Mawe aliyoosha yalinunuliwa, yakayeyushwa, yakapita bahari, yakaingia katika betri za simu na za magari ya nchi za mbali. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wetu huu. Tukitaka kuuliza "nani?" tuulize mpaka mwisho wa mnyororo, tusiishie kwa yule aliye karibu na ngumi yetu.

Je, Maandiko yanatuachia njia wakati muuaji hajulikani? Iko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, mtu anakutwa ameuawa shambani na hakuna ajuaye nani alimpiga. Mose hakusema watafutwe wajane wenye ulimi mkali. Wazee na waamuzi wanatoka na kupima. Wanapima umbali toka maiti mpaka kila mji ulio kandokando, na mji ulio karibu kuliko yote ndio unaopaswa kujibu: wazee wake wanaleta mtamba wa ng'ombe, wa mali yao, wanakwenda bondeni penye maji, wananawa mikono, wanasema mbele ya makuhani kwamba hawakumwaga damu hiyo. Nimesoma sura hiyo tangu ujana bila kuielewa. Nilipokuta wapimaji wa Lubumbashi wamegawa watu kwa kilometa 3 na kilometa 10, nikaielewa. Hawa nao wamepima toka kwa maiti mpaka mjini.

Mtu atasema: na nkambo, si naye alikuwa karibu? Alikuwa karibu. Lakini katika sura ile wanaoitwa ni wazee wa mji, wenye mamlaka na ng'ombe, na wanaitwa kujibu na kutoa, hawaitwi kuuawa. Hawahesabiwi kuwa wauaji. Wanadaiwa tu kwa kuwa karibu na kuwa na uwezo, hata kabla kosa halijajulikana. Na sheria ya nchi yetu imelikaribia jambo hilo: Kodi ya Madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inasema mwenye kibali cha mgodi atalipia madhara ya kazi yake kwa watu na kwa mazingira hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Bado itamlazimu mtu aonyeshe kwamba madhara yametoka kwenye mgodi huo, na ndiyo maana bila vipimo sheria hiyo italala kabatini.

Wengine mtaniuliza kama ninataka tuache unabii. Someni Wafalme wa Pili, sura ya 2. Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakamwambia mji ni mzuri lakini maji ni mabaya, na nchi inaharibu mimba. Elisha alikuwa nabii kuliko sisi sote. Angeweza kuona mama mzee mwenye kikapu. Yeye alitoka, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Mimi nadhani hapo ndipo unabii wetu umechoka: hatutoki nje ya uzio wa maombi kwenda kuangalia chemchemi.

Na tusijidanganye kwamba Kolwezi iko mbali. Ni zaidi ya kilometa 400 kwa reli, lakini reli hiyo inapita hapa. Tangu treni za Lobito zifike tena Luau mwaka 2015, na madini ya kwetu yaanze tena kuvuka mpaka mwaka 2018, shaba inashuka kwenda baharini na salfa ya viwanda inapanda. Vijana wetu wanapanda na kushuka pia, na nguo zao za kazi, na mifuko mitupu ambayo akina mama wanaifua ili waweke mihogo. Hilo la mifuko nimeliona kwa macho yangu nyumbani mwangu.

Kwa hiyo nimeongeza mistari katika buku. Mgonjwa akiletwa, na hasa mtoto aliyezaliwa na kasoro au mimba iliyoharibika, naandika baba alifanya kazi wapi na miaka mingapi, mama alichota maji wapi, walikula mboga za bustani gani. Nauliza kwa upole, na asiyetaka kujibu simlazimishi. Majina hayatoki nje ya kanisa pasipo ruhusa ya wenyewe. Wakija siku moja watu wa chuo kikuu na chupa zao, tutawaonyesha mistari hiyo, nasi tutawaomba sharti moja, kwamba majibu yarudi hapa Dilolo na yasomwe kwa lugha tunayoisikia, hata kama ni majibu ya kusema hakuna kitu. Baadhi ya wazee wananiuliza faida ya kujua kitu ambacho hakina dawa. Mimi nawajibu kwamba nkambo angekuwa bado nyumbani kwake.

Mwezi uliopita nilivuka mpaka kwenda Luau kumwona. Nilichukua sabuni mbili. Alinikaribisha, akanipa kiti, naye akakaa chini juu ya mkeka. Nilimweleza yote: kobalti, mkojo wa watu 351, watoto wa Lubumbashi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema: "Mwandishi, mimi mlinilazimisha nikubali mbele ya watu wote. Na hilo vumbi, nani amelilazimisha likubali?"

Sikuwa na neno. Alinitaka nifute jina lake katika buku. Nilimwambia ukweli, kwamba jina lake halikuandikwa. Liliandikwa neno moja tu, Imefunuliwa, na sisi wengine tukajaza. Alisema basi nifute neno hilo. Wazee wamebishana juu ya ombi lake mikutano miwili. Wengine wanasema buku la kanisa halifutwi, wengine wanasema iandikwe chini yake kwamba tulikosa, na iandikwe jina la kila mmoja aliyekuwapo usiku ule. Jina langu nimekwisha kuliandika. Nafasi ya majina mengine bado iko wazi, na buku liko mezani pangu kila siku baada ya maombi ya asubuhi.